Baba anataka nichore nyumba, mimi nataka kuchora magemu

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Mwanza na wazazi wangu. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCM, nikapata daraja la pili. Nimechaguliwa vyuo viwili: Chuo Kikuu Ardhi kwa Usanifu Majengo, na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwa shahada ya teknolojia ya multimedia na uhuishaji. Natakiwa kuthibitisha kimoja na siku zilizobaki ni chache, lakini moyo wangu haujatulia kwa chochote kati ya hivyo.

Ninachotaka ni kutengeneza sanaa ya magemu. Kucheza nacheza pia, ila si hilo ninalozungumzia. Nilianza Blender, programu ya kutengeneza maumbo ya 3D, nikiwa kidato cha tatu kwenye kompyuta za maabara ya shule, sasa natumia laptopu ya kaka, Core i5 yenye RAM GB 8 na haina kadi ya grafiki. Yote nimejifunza YouTube. Nachora wahusika kwenye Krita, nafinyanga vichwa vya watu kwenye Blender, na kuna askari wa enzi za Mirambo nimemfinyanga mpaka akafika poligoni (vipande vidogo bapa vinavyounda umbo) milioni mbili. Nikimgusa tu mkono, laptopu inaganda. Kazi zangu zote nimeziweka kwenye ukurasa mmoja mtandaoni: michoro ya anime, nembo niliyomchorea rafiki wa mama kwa ajili ya saluni yake, panga, gari, na huyo askari ambaye bado hajaisha. Nimeziandikia studio kadhaa za nje nikiomba hata mafunzo kwa vitendo. Nyingi hazijajibu, na waliojibu naona ni majibu ya mashine.

Baba alianza kama fundi mwashi, leo ana kampuni ndogo ya ujenzi. Kila mara anasema analipa watu kwa ramani ambazo mtoto wake angeweza kuzichora. Nilipomweleza habari za magemu alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Nani atakulipa, na atakulipa lini?" Sikuwa na jibu. Mama ananiambia nimsikilize baba, lakini tukiwa jikoni ananiambia nisiache kuchora.

Mjomba wangu anafanya kazi Muscat. Ameahidi kunipa shilingi milioni 6, mara moja tu, nizitumie nitakavyoona inafaa. Nimefikiria Nairobi, maana kuna vyuo binafsi vinavyofundisha uhuishaji na magemu, lakini naogopa hela yote itaishia kwenye ada ya mwanzo. Binamu yangu anasema chuo ni kupoteza muda, ninunue kompyuta ya nguvu nikae nyumbani mwaka mzima nijifue. Halafu kuna akademia moja ya mtandaoni inanitumia ujumbe kila wiki: miezi sita tu, kazi kwenye studio kubwa ni uhakika.

Huku nako nasoma kwamba makampuni ya magemu yanaachisha watu, na kwamba AI inachora kila kitu. Nimsikilize baba, niende Dodoma, niende Nairobi, au nibaki nyumbani? Na kutojibiwa na studio kunamaanisha kazi zangu ni mbaya? Naomba unijibu bila kunibembeleza.

Binti wa PCM, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako imebeba maswali kama matano kwa mpigo, na nadhani ndiyo maana yanakulemea: chuo gani, hela ya mjomba iende wapi, baba ajibiwe nini, soko la kazi likoje, na kama mkono wako unafaa au haufai. Hayana haraka sawa. La kuthibitisha chuo lina tarehe. La mkono wako halina tarehe kabisa, ingawa ndilo linalokunyima usingizi. Niruhusu nianze na jambo ambalo hukuliuliza.

Umeandika "sanaa ya magemu" kana kwamba ni kazi moja. Ndani ya studio ni kazi nyingi, na anayeajiri ana kiti fulani kilicho wazi anachotaka kukijaza. Yupo anayechora michoro ya dhana kabla ya chochote kutengenezwa. Yupo wa wahusika. Yupo wa mazingira, yaani majengo, barabara, miamba na miti. Yupo wa vifaa vidogo vidogo, wa uhuishaji, wa moshi na moto na milipuko, wa vitufe na menyu za kwenye skrini. Na yupo msanii wa kiufundi, anayekaa katikati ya wachoraji na waandika kodi, akiandika skripti na sheda (kodi fupi zinazoamua uso wa kitu uonekaneje) ili kazi za wenzake ziingie kwenye injini, yaani programu inayoliendesha gemu, bila kulilemea. Viti vya michoro ya dhana na vya wahusika vinagombewa kuliko vingine vyote, kwa sababu karibu kila anayependa magemu huanzia hapo, kama ulivyoanzia wewe. Mazingira na vifaa vina nafasi nyingi zaidi, maana kila mhusika anazungukwa na mamia ya vitu ambavyo mtu fulani lazima avitengeneze. Wasanii wa kiufundi na wa milipuko hutafutwa kwa tochi. Wewe una hesabu na fizikia za kidato cha sita, na katika barua nzima hukuzitaja hata mara moja kama mtaji.

Ndipo nije kwa zile studio zilizokaa kimya. Anayepitia maombi humpa kila mwombaji sekunde chache, na swali lake ni moja: huyu nimkalishe wapi? Ukurasa wenye anime, nembo ya saluni, panga, gari na askari wa nusu haumjibu. Kwa hiyo ukimya wao haukuambii chochote kuhusu ubora wa mkono wako, kwa upande wowote. Kinachosomeka ni kazi tatu mpaka tano zilizokamilika, za kiti kimoja. Nyingine zitoe, hata kama unazipenda, kwa sababu kazi dhaifu huishusha ile nzuri iliyo jirani yake. Mtazamaji hajui ipi kati ya hizo ndiyo kiwango chako cha kila siku.

Na huyo askari, samahani, ni nusu ya kazi. Sanamu ya poligoni milioni mbili kwa kawaida haiingizwi kwenye gemu ilivyo. Hutengenezwa nyingine nyepesi, ya pembetatu elfu chache kwa gemu la simu au makumi ya maelfu kwa kompyuta na konsoli, kisha makunyanzi na makovu ya ile nzito yanabekiwa, yaani yanahamishwa kuwa picha inayovishwa ile nyepesi. Kufinyanga watu wengi wanajua. Wanaoweza kuishusha sanamu mpaka ikaingia kwenye injini ikiwa safi ni wachache, na studio hupima hapo.

Uliyosoma kuhusu watu kuachishwa ni kweli. Septemba 2023 Epic Games waliondoa wafanyakazi wapatao 830. Januari 2024 Unity walitangaza kupunguza 1,800, mwezi huo huo Microsoft wakapunguza 1,900 upande wa magemu, na Februari Sony wakafuata na 900. Kwako maana yake ni kwamba nafasi ya anayeanza inaweza kuombwa na mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano aliyepoteza kazi. AI nayo imewabana zaidi watu wa michoro ya dhana na picha bapa. Desemba 2022 wasanii waliijaza tovuti ya ArtStation mabango ya kuipinga, na tangu Januari 2024 duka la Steam linawataka watengenezaji waeleze kama wameitumia. Modeli nyepesi, yenye UV safi (uso wake uliokunjuliwa bapa ili uvishwe picha), inayoweza kuhuishwa, bado inadai mkono wa mtu. Kama itabaki hivyo mpaka umalize chuo, siwezi kukuahidi.

Tanzania ajira za kudumu za sanaa ya magemu ni za kuhesabu kwa vidole. Afrika kuna studio kama Maliyo Games ya Lagos, Leti Arts ya Accra na Nairobi, na Kiro'o Games ya Yaoundé waliotoa Aurion mwaka 2016. Ni studio ndogo kwa kulinganisha na za nje. Huko duniani, vifaa na mazingira ya magemu makubwa mara nyingi hutengenezwa na kampuni za kupewa kazi, kama Virtuos na Keywords, ambazo wachezaji wengi hawajawahi kuzisikia. Hao nao waandikie, usiandikie majina ya kwenye kasha peke yake.

Sasa baba. Ameuliza swali la mtu anayelipa vibarua kila Jumamosi, na ni swali la haki. Alikusikiliza mpaka mwisho. Si kila mzazi angefanya hivyo. Hebu fikiri: wateja wa baba wangapi wanajua kusoma ramani? Ukichukua ramani ya nyumba anayoijenga sasa, ukaijenga kwa 3D kwa vipimo vyake, ukamwezesha mteja kutembea ndani yake kwenye skrini kabla msingi haujachimbwa, umetumia ufundi ule ule wa mazingira ya gemu. Kazi hiyo inalipwa Dar na Mwanza leo hii. Haitakuwa jibu lote la "nani na lini", lakini utakuwa na kitu cha kumwonyesha badala ya kubishana naye.

Kwa hiyo Ardhi si lazima uione kama kifungo. Msanii wa mazingira aliyesomea majengo anajua mlango wa kawaida una kimo cha mita 2.1 hivi, kipandio cha ngazi ni sentimita 15 mpaka 18, na ukuta una unene. Mazingira mengi ya wanaoanza hufeli hapo hapo: mtazamaji anahisi kuna kosa bila kujua kwamba ni ngazi za jitu. Hatari yake ni muda. Kazi za studio ya usanifu zinakula usiku, na unaweza kuhitimu ukiwa na shahada nzuri bila kazi hata moja ya gemu. Modeli za programu za usanifu pia haziingii kwenye gemu zilivyo. Zimejaa pembetatu zisizo na sababu na UV zake hazifai. Itabidi ujifunze hilo mwenyewe, usiku ule ule ambao chuo kinautaka. Na kuwa msanifu mwenye muhuri kunahitaji usajili wa bodi baada ya shahada, jambo ambalo baba pengine analihesabu na wewe hulihesabu.

UDOM jina la kozi liko karibu zaidi na moyo wako, lakini jina halifundishi. Omba orodha ya masomo ya kila muhula uhesabu: ni mihula mingapi ya kumodeli na kuhuisha, kuna somo la kuchora kwa mkono, kuna injini ya gemu, na ni mihula mingapi ya mitandao, hifadhidata na tovuti? Watafute wahitimu wa miaka ya karibuni, uwaombe wakuonyeshe miradi yao ya mwisho. Ukiona miradi mitano umeona kozi. Hatari ya shahada ya namna hii ni kugusa kila kitu, kisha utoke bila kiti. Faida yake ni wenzako: darasa la watu wanaofanya jambo lako, wanaoweza kukukosoa saa nne usiku. Binamu yako hajaliweka hilo kwenye hesabu zake.

Kuhusu shahada yenyewe, binamu ana ukweli nusu. Studio nyingi zinaajiri kwa potifolio bila kuuliza vyeti. Wanaouliza ni uhamiaji. Viza ya kazi ya H-1B ya Marekani, kwa mfano, inadai shahada au kinacholingana nayo. Kama unaota kufanya kazi ukiwa Mwanza kwa malipo ya nje, karatasi haina uzito mkubwa. Kama unaota kuhama, ina uzito. Umeshajiuliza unataka lipi? Barua yako haisemi. Mkopo nao uhesabu: Bodi ya Mikopo humkata aliyeajiriwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe, kwa hiyo bumu la leo ni makato ya kesho, kwa shahada yoyote utakayochagua.

Nairobi inaweza kukupa walimu waliowahi kufanya kazi za studio, na hilo lina thamani. Waulize mambo manne kwa maandishi: ada ya kozi nzima mpaka cheti, si ya muhula; nani hasa anafundisha 3D na kazi zake ziko wapi; wahitimu wa mwaka jana wako wapi; na kompyuta za maabara zinatumika saa ngapi nje ya kipindi. Kisha ongeza kodi ya chumba, chakula na nauli. Milioni 6 zikiisha katikati ya kozi utarudi bila cheti na bila kompyuta, na Bodi ya Mikopo ya huku usiiweke kwenye hesabu ya chuo binafsi cha Kenya.

Kubaki nyumbani ni njia halali, lakini wanaoisifia huwa hawasemi inaharibikaje. Mara chache huharibika kwa uvivu. Huharibika kwa kukosa mtu wa kukwambia "hapa umekosea", ukarudia kosa lile lile mwaka mzima kwa bidii. Na binti aliye nyumbani kila siku hupewa kazi za nyumbani kila siku. Hilo ulizungumze na mama mapema, kwa saa maalumu zinazoheshimiwa. Ukichagua njia hii, weka tarehe ya mwisho na uwe na watu wa kukukosoa kila wiki. Jukwaa la Polycount ni la bure, na wanaokosoa pale wanaijua kazi.

Ile akademia ya uhakika nitaisema kwa ufupi. Hakuna shule inayomiliki nafasi za kazi za studio, kwa hiyo hakuna inayoweza kukuuzia moja.

Umeniomba nisikubembeleze kuhusu mkono wako. Basi nikupe jaribio la wiki hizi kabla vyuo havijafunguliwa, kwa laptopu hiyo hiyo. Mweke askari pembeni, uchukue mbuzi ya kukunia nazi. Ina mbao, ina chuma, ina sehemu inayojikunja, na anayepitia maombi huko ng'ambo amechoka kuona panga na mapipa.

Ipime kwa futi ya fundi, kila kibao na ule ulimi wa chuma. Ipige picha kivulini, pande zote, maana jua kali huacha vivuli vitakavyokudanganya ukifika kwenye rangi. Kwenye Blender tumia mita, jenga umbo la jumla kwa maboksi tu, kisha liingize kwenye injini siku hiyo hiyo pamoja na kinyago cha mtu wa mita 1.8. Wengi hungoja mpaka mwisho, ndipo wanakuta kigoda kinamfika mtu kifuani. Tumia Godot, ni ya bure na laptopu yako itaibeba. Unreal 5 itakutesa bila kadi ya grafiki.

Halafu tengeneza modeli mbili. Nzito iwe na kingo zilizolainishwa na nyufa kubwa za mbao. Nyuzi ndogo ziachie teksicha, yaani picha inayovishwa modeli, laptopu isigande. Nyepesi iwe na pembetatu kati ya 2,000 na 3,000. Mtego uko kwenye meno. Ramani ya nomali, ile picha inayobekiwa kutoka kwenye nzito, hudanganya mwanga juu ya uso, lakini haibadilishi ukingo wa umbo. Ukiyaacha meno kwenye ramani peke yake, ulimi ukitazamwa kwa ubavu utakuwa laini kama kijiko. Meno yawe pembetatu halisi, na idadi hiyo uifidie kwa kupunguza pembetatu upande wa chini wa kibao ambako hakuna anayetazama.

Kabla ya kukata UV, thibitisha skeli kwa Ctrl+A, la sivyo vipande vitatoka kwa uwiano wa uongo. Kila ukingo ulioufanya mkali ukate na kwenye UV, maana usipokatwa huacha mstari au kivuli kisichoeleweka. Kwenye teksicha ya 2048 acha pikseli 16 kati ya kipande na kipande. Geuza kila kitu kuwa pembetatu kabla ya kubeki, kwa sababu Blender na injini zinaweza kuugawa mraba mmoja kwa milalo tofauti, na ramani ikaharibika ingawa hukukosea popote pengine. Ulimi na mbao zibeki ukiwa umezitenganisha, zisiandikiane vivuli.

Kwenye rangi, ramani ya rangi pekee ndiyo isomwe kama sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za skrini. Ya nomali, ya ukwaru (uso ni laini au unakwaruza kiasi gani) na ya uchuma (wapi ni chuma, wapi si chuma) ni namba, ziwekwe kama data isiyo rangi. Ukisahau, mng'ao wote utakuwa wa ajabu. Chuma kitupu ni 1 kwenye ramani ya uchuma, mbao ni 0, na kutu nayo ni 0, kwa kuwa kutu si chuma tena. Kosa la kutu ni la kawaida sana. Kazi ikionekana ya plastiki, tazama ukwaru: huenda uko sawa kila mahali. Pale mtu anapokaa mbao imesuguliwa na inang'aa kidogo, pembeni ni kavu. Siku utakayohamia Unreal, geuza chaneli ya kijani ya ramani ya nomali, kwa sababu Unreal huisoma kinyume cha Blender na Godot.

Ukimaliza, weka picha moja kubwa, moja ya waya inayoonyesha mistari ya pembetatu, moja ya teksicha, na idadi ya pembetatu. Kisha jitazame. Ni sehemu gani ilikufanya usahau chakula, na ipi ulikuwa unaikwepa? Kama ulifurahia kutafuta kwa nini kivuli kimekaa vibaya, kuna kiti cha kiufundi kinakuita. Kama UV zilikuchosha mpaka machozi lakini ulichora michoro ishirini ya nani alikalia mbuzi ile, hilo nalo ni jibu, na linabadilisha kozi ya kutafuta.

Kuhusu hela ya mjomba, muulize kwanza kama anaweza kuitoa kwa mafungu. Kwa milioni mbili na nusu hivi mtu anaweza kupata desktopu iliyotumika yenye RAM GB 32, kadi ya grafiki yenye VRAM (kumbukumbu yake yenyewe) GB 8 au zaidi, na skrini. Ulizia maduka matatu, bei zinatofautiana sana. Ongeza UPS, kifaa cha betri cha kushikilia umeme kwa muda, maana umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi faili unaweza kulipoteza lote, na tableti ndogo ya kuchorea isiyo na skrini. Desktopu ina nguvu zaidi kwa hela ile ile, lakini je, hosteli wataruhusu, na itakuwa salama ukienda darasani? Laptopu yenye kadi itakugharimu zaidi na itapata moto. Programu zisikuume kichwa: Blender, Krita na Godot ni bure, na Maya, programu nyingine ya 3D, wanafunzi waliosajiliwa hupewa bure kwa mwaka, kisha wanaomba tena.

Kazi za kwanza zikianza kuja, zingatia mawili. Studio za kweli hutoa jaribio la kazi, lakini jaribio la wiki mbili bila malipo, la kitu ambacho wanaweza kukiuza, ni kazi ya bure. Na mtu akikuomba utangulize hela ya usajili ili upate kazi, acha kumjibu.

Kabla ya kuthibitisha, pigia ofisi za udahili za vyuo vyote viwili uulize kama mwanafunzi mpya anaweza kuahirisha mwaka, na uwaulize Bodi mkopo unakuwaje ukiahirisha au ukihama kozi. Majibu hayo yanaweza kuipunguza orodha yako kuliko ushauri wangu wote. Mkae na baba mkiwa nayo kwenye karatasi. Mbuzi ikiisha nitumie picha, ukianza na ya upande wa meno.